Wageni wa Desemba

Magodoro ya wageni hatuyaweki nyumbani. Nyumba yetu ya Al Garhoud, hapa Dubai, ina vyumba vitatu juu na majlis ya kukaa wageni chini, haina pa kuyaweka mwaka mzima, kwa hiyo yanakaa dukani kwa mume wangu huko Ras Al Khor, juu ya rafu za vipuri vya magari. Kila Novemba ikielekea kwisha, Zahor huyaleta kwa pikapu yakinuka grisi. Mimi huyatandaza uani, nikayapiga fimbo, nikayafukiza udi, nikayageuza, nikayafukiza tena. Grisi haitoki. Wageni huamka asubuhi wakaniambia, "Badriya, usiku kucha nimeota niko gereji," wakacheka, na mimi nikacheka, maana kucheka nako ni katika kazi za mwenye nyumba.

Desemba kwetu ni mwezi wa watu. Shule zimefungwa, joto limeshatuachia, mtu anaweza kukaa nje alasiri bila ya nguo kumganda mwilini, na ukoo wote wa mume wangu, wa Maskati, wa Unguja na wa London, hukumbuka kwa pamoja kwamba Zahor anakaa karibu na uwanja wa ndege. Ndege zinapita juu ya paa letu. Mtu akitua, ukitia birika jikoni, chai haijachemka keshabisha hodi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mie nadhani aliyeyatunga maneno hayo alikuwa mgeni.

Sisemi haya kwa ubaya. Nimekulia katika nyumba ya namna hiyo hiyo, na bibi yangu alikuwa akizipima baraka kwa viatu vilivyojaa mlangoni. Najua thamani ya watu. Lakini mwaka huu nilikuwa nimechoka, na si ule uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Nilikuwa nikilala nao, nikiamka nao, nikisali nao nimekaa kwenye kiti.

Nilikuwa na uvimbe kwenye kizazi. Naweza kulisema sasa bila ya kuinamisha kichwa, lakini kwa miaka mitatu hakuna aliyelijua isipokuwa mume wangu na binti yangu Afra. Damu ilikuwa ikitoka hata siku zisizokuwa zake. Nikipanda ngazi nilikuwa nasimama katikati nikijifanya naokota kitu, na watu wa nyumbani wakazoea kuniona nikiokota vitu kwenye ngazi. Daktari wangu, mama mmoja wa Kimisri asiyejua kubembeleza, alisema uvimbe lazima utolewe, na tukakubaliana Desemba, kwa sababu Afra ni mwalimu na Desemba ndipo anapopata nafasi ya kuniuguza. Desemba ya kwanza nikaahirisha: wageni walikuwa wameshakata tikiti. Desemba ya pili nikaahirisha: wageni walikuwa wameshafika. Mwaka huu daktari akanitazama juu ya miwani yake.

"Mara hii ukiahirisha, siku nyingine hutakuja kwa miguu yako," alisema. "Utaletwa kwa machela, huna damu, na mimi nitakuwa sipo."

Mimi nikacheka. Yeye hakucheka hata kidogo, na njiani narudi nyumbani nikaingiwa na hofu.

Jioni ile nikamwambia Zahor, "Mwaka huu waambie ndugu zako wasije."

Zahor ni mtu mwema. Nataka hilo lijulikane kabla sijaendelea, kwa sababu nitakayoyasema mbele hayatamsaidia. Hajanipandishia sauti tangu tuoane. Dukani kwake ana maneno ya kumtoa nyoka pangoni, lakini mbele ya dada yake mkubwa, Da Mawadda wa Maskati, anakuwa mtoto wa chuoni aliyesahau sura yake. Alikunywa kahawa, akaongeza nyingine, akavaa miwani, akaichukua simu na kuandika katika kundi la ukoo kwa kidole kimoja. Nilipokuja kuangalia juu ya bega lake alikuwa ameshatuma.

"Assalaam alaykum ndugu zangu. Mama Afra anafanyiwa operesheni ya tumbo mwezi ujao. Tunaomba dua zenu. Kwa sababu hiyo mwaka huu tunaomba mtuwie radhi, hatutaweza kuwapokea."

"Umeandika nini, Zahor?"

"Nimewaambia wasije."

"Hukuwaambia wasije. Umewaambia naumwa."

Hakuelewa. Mtu aliyezaliwa katika mila zetu, akakulia humo, akaoa humo, na hakuelewa. Kwetu sisi ukitaka mtu asije unamwambia nyumba inapakwa rangi. Unamwambia bomba limepasuka. Unaweza hata kumwambia umesafiri, ukajifungia ndani na mapazia ukashusha. Lakini ukimwambia asije kwa kuwa unaumwa, umemwambia aje mbio. Mgonjwa hutazamwa. Atakayebaki kwake huku wifi yake anapasuliwa ataulizwa, na ataulizwa kila harusini na kila hitmani, mpaka yeye mwenyewe asomewe hitma.

Simu ikaanza kulia hapo hapo. Soud, mdogo wake wa London, aliyekuwa ameshasema kwamba mwaka huu kazini wamemnyima likizo, akapata likizo. Binamu zake wawili wa Unguja, ambao miaka yote viza zao hukwama, viza zikatoka. Halafu lile neno "tumbo". Zahor aliona haya kutaja kizazi mbele ya ndugu zake wanaume, akaandika tumbo, na tumbo lina mengi. Kufika isha, Unguja walikuwa wameshanisomea Yasini.

Da Mawadda hakuandika. Alituma sauti yake, na nusu yake ilikuwa kilio. "Badriya, mwanangu, unatufanyia nini? Unaumwa umenyamaza, kama huna watu? Mficha maradhi kifo humuumbua! Mie nakuja. Nakuja na Samira na Najat na watoto. Nakuja kukuuguza kwa mikono yangu, na sitaki kusikia neno."

Samira na Najat ni binti zake. Watoto wao sikuwauliza idadi, kwa sababu kumuuliza mtu idadi ya watoto anaokuja nao ni kumwambia wamezidi.

"Wanakupenda," Zahor akasema.

"Najua," nikamjibu, na nilijua kweli. Hilo ndilo lililonichosha zaidi. Watu wasiokupenda unawafungia mlango ukalala.

Basi nikaanza kutengeneza nyumba. Loise, dada wa Kikenya anayekuja kunisaidia, alikuwa ameshaondoka kwenda kwao Krismasi, na sikumlaumu, naye ana mama anayemngoja langoni. Nikafua mashuka ambayo hayakuwa machafu. Nikatoa mablanketi ya wageni kwenye mabegi, nikayaanika juu ya ukuta, maana watu wa Maskati wanasikia baridi ya Dubai kuliko sisi, na watu wa London, ambao wangepaswa kuicheka, ndio wanaoomba blanketi la pili. Nikasugua vyoo. Nikashusha vikombe vya juu ya kabati, nikaviosha, nikavipanga kwenye sinia, nikavifunika kitambaa. Kila baada ya kazi moja nilikuwa nakaa kitako sakafuni jikoni, mgongo kwenye friji, ule mtetemo wake ukinipitia mgongoni, na nilikuwa nakaa hapo mpaka niseme bismillahi mara mbili tatu ndipo niinuke.

Kisha nikapika. Nikafunga sambusa, nikaviringa katlesi, nikasaga nazi na tui nikaligandisha kwenye vifuko, nikatengeneza masala ya biriani ya Ijumaa mbili. Friza ikajaa mpaka mlango ukawa hautaki kufunga, nikaufunga kwa goti. Nilikuwa napika chakula cha kuliwa wakati mimi niko hospitali, ili nikiwa hospitali pasitoke mtu wa kusema kwa Badriya tulilala njaa.

Afra alinikuta hapo na goti langu mlangoni mwa friza.

"Mama, si waagizie tu chakula? Simu moja, kinakuja."

"Mgeni wa baba yako ale chakula cha boksi?"

"Mgeni wa baba ana mikono, Mama. Wewe ndiye mgonjwa. Daktari kasema upumzike, damu yako ndogo."

"Inshallah," nikasema.

Afra akatupa mikono juu akatoka. Nyumbani kwetu anajua kila mtu kwamba inshallah yangu ya namna ile maana yake ni hapana.

Walifika katika wiki ile ile ya operesheni. Da Mawadda aliingia kwanza, buibui lake limejaa vumbi la safari, mkononi kadumu ka asali na halua ya Kiomani katika beseni la plastiki, akanikumbatia pale mlangoni akalia, na mimi nikalia. Alinishika shavu akaligeuza kwenye mwanga.

"Umekuwa mweupe, Badriya. Huna damu hata ya kumshibisha mbu."

Akaniombea dua ndefu, mkono wake juu ya kichwa changu, na mkono ule ulikuwa wa moto na mzito na nikatamani asiuondoe. Alimuuguza mumewe miaka minne mpaka akamzika, anajua kuuguza. Kisha akapanda juu na mabegi yake, akaweka begi juu ya kitanda chetu, kwa sababu mgongo wake haulali chini na kila mtu analijua hilo. Zahor akahamia majlis na wale binamu zake wa Unguja. Mimi nikatandika godoro chumbani kwa Afra, baina ya kabati na mlango, na kila aliyekwenda msalani alinipita juu.

Sasa nieleze jambo moja, kwa sababu bila ya kulijua mtu atadhani Da Mawadda ni mvivu au ana roho mbaya, na si kweli. Kwetu mgeni haingii jikoni kwa mwenyewe bila ya kukaribishwa. Ni adabu. Kufungua kabati la mwanamke mwenzako, kuangalia sukari yake imebaki kiasi gani, ni sawa na kumfunua. Da Mawadda alikuwa anangoja nimwambie, "Dada, ingia, nisaidie." Na mimi nisingeweza kumwambia hivyo, kwa sababu mwenye nyumba akimtia mgeni jikoni amemfukuza. Basi yeye akakaa sebuleni anangoja kuniuguza, na mimi nikakaa jikoni nangoja aje, na baina yetu palikuwa na pazia la shanga ambalo hakuna aliyelisogeza.

"Badriya, nikusaidie?" alikuwa akiita kutoka huko.

"Hasha, Dada! Wewe pumzika, umetoka safari."

"Mie sikuja kupumzika, nimekuja kukuuguza!"

"Najua, Dada. Chai inakuja."

Na binti zake, ambao ni wanawake wazima wenye majumba yao, walikaa pembeni ya mama yao wakiwa na simu zao, kwa sababu mama mtu hajainuka. Tulikuwa wanawake watano ndani ya nyumba ile, wote tuna nia njema, na vyombo niliviosha mimi. Afra alijitahidi, alikuwa anasugua sahani usoni kakunja ndita, na mimi nikawa namtoa jikoni ili wageni wasiione sura ile.

Siku ya operesheni niliambiwa nisile wala nisinywe chochote tangu usiku wa manane, na asubuhi niwe hospitali. Ile karatasi ya maelezo niliisoma, nikaielewa, nikamsomea na Zahor. Baada ya sala ya alfajiri nikashuka jikoni. Nyumba imelala, majlis wanakoroma kwa zamu. Nilijiambia nitawawekea tu maji ya chai halafu nikae. Lakini maji ya chai bila ya kitu cha kutafuna ni matusi, na unga wa maandazi nilikuwa nimeukanda tangu jana na umeumuka, ungeharibika. Nikasukuma, nikakata, nikakaanga. Mbaazi zilikuwa zimeshachemka, nikazitia tui. Watoto wakaamka kabla ya mama zao, wakaja kula, wakaacha, wakakimbia uani. Nikakusanya sahani. Nikapangusa meza. Zahor akapiga honi nje, yalla, tumechelewa, nikavaa buibui juu ya nguo za jikoni nikatoka.

Hospitali walinivua kila kitu, wakanivalisha kanzu yao ya mgongo wazi, wakanilaza. Pazia likafunguka akaingia nesi, msichana wa Kikenya, kwenye kifua chake imeandikwa Everlyn. Aliponisikia namwambia Zahor akatafute pa kuegesha gari vizuri, uso wake ukafunguka.

"Kumbe ni Kiswahili! Mama, karibu sana. Leo nimechoka na kuongea kwa mikono." Alinifunga ile bendeji ya kupimia presha. "Unajua hii December hapa leave hakuna, sisi tunafanya tu. Wasichana wa kwetu wote wako nyumbani wanachoma mbuzi, mimi niko hapa na sindano. Haya. Allergy uko nayo? Dawa yoyote haikubali mwili wako?"

"Sina."

"Umekula kitu leo? Ama kunywa? Hata kama ni chai kidogo?"

"Sijala," nikasema.

Na hapo hapo ulimi wangu ukagusa kitu katikati ya meno ya nyuma. Nikakigeuza. Kilikuwa ganda la iliki, la maandazi.

Nikarudi jikoni kichwani, nikajiona. Nimesimama mbele ya sufuria, mwiko mkononi, natia tone la mchuzi kwenye kiganja na kukilamba nisikie chumvi, kama nilivyofanya kila siku tangu nina miaka kumi. Nikaona imepungua, nikaongeza, nikalamba tena. Nimekusanya sahani za watoto, kila sahani ina kipande cha andazi kilichong'atwa, na rizki haitupwi, kwa hiyo kipande kimoja kimekwenda mdomoni, na cha pili, na cha tatu nimekichovya kwenye mbaazi zilizobaki. Nimekula nimesimama. Miaka yote nimekula hivyo, kila Desemba, makombo ya watoto na kipande cha kuku kilichoachwa, hata nikawa sikuiti kule kula.

Everlyn alikuwa ameshaandika. Jambo moja tu nilikuwa nalo la kufanya, nalo ni kunyamaza. Ningenyamaza wangenichukua, ningelala, ningeamka yamekwisha. Nilikitema kile kiganda kwenye kiganja changu nikamwonyesha.

"Nimekula," nikasema.

"Umekula nini, Mama?"

"Andazi. Vipande. Na mbaazi, za kuonja, halafu na za kuchovya."

"Leo? Leo asubuhi?"

"Baada ya alfajiri."

Akaweka kalamu chini. "Aki Mama. Sasa mbona?"

"Watoto waliacha."

"Si ulikuwa umeambiwa? Hii kitu ni hatari. Ukipewa dawa ya kulala na chakula iko tumboni, inaweza kupanda iingie kwa mapafu, na hapo hata daktari hawezi kukusaidia. Nani anakula maandazi ya watoto siku ya operesheni?"

"Mimi," nikasema.

Nikaanza kulia. Everlyn akadhani amenikaripia sana, akanishika mkono, pole, pole Mama, lakini sikuwa nalia kwa ajili yake. Nilikuwa na hasira. Miaka mitatu nimemlaumu Zahor kimoyomoyo, nimemlaumu Da Mawadda na mgongo wake, nimelaumu Desemba, na siku yenyewe ilipofika hakuna hata mmoja aliyenituma. Wote walikuwa wamelala. Niliamka mwenyewe, nikaukaanga mwenyewe unga wa watu, na mkono wangu mwenyewe ukanilisha bila ya kuniuliza. Niliutazama mkono ule, una bendeji ya presha na vumbi la unga kwenye kucha, na nikauchukia.

Everlyn alitoka kwenda kuzungumza na daktari. Niliwasikia nje ya pazia, sauti ya Kimisri ikipanda, ya Everlyn ikibembeleza. Akarudi anatembea kwa haraka.

"Mama, skiza. Daktari amekasirika, lakini iko hivi. Naweza kukuweka wa mwisho leo, mchana, tumbo ikishaisha hiyo chakula. Lakini ukae hapa hapa, kwa hii kitanda, na usitie kitu kwa mdomo, hata maji. Ama uende nyumbani, na nafasi ingine ni February. Ni wewe kuamua."

Zahor aliingia akiwa bado na ufunguo wa gari mkononi, na Everlyn akamweleza yote tena. Nilimtazama usoni alipokuwa akieleza. Nilitaraji nione ameudhika. Sikuona hivyo. Niliona mabega yake yameshuka, na pumzi imemtoka taratibu, na nikaelewa kwamba mume wangu amepata nafuu. Labda alikiogopa kisu. Labda aliogopa kurudi peke yake katika nyumba ile. Ninavyomjua, nadhani mwenyewe hakujua ni kipi.

"Basi khalas," akasema kwa upole. "Ndivyo Mungu alivyotaka. Vaa, Mama Afra, turudi nyumbani. Tutakuja Februari, wageni wameshaondoka, utafanya kwa nafasi yako. Da Mawadda kapiga simu, watu hawajui mchana wale nini, na Soud anatua sasa hivi na mkewe."

Alikuwa ameshaliokota buibui langu kwenye kiti, amelikunjua, ananishikia kama nilivyozoea kumshikia yeye kanzu yake.

Nilikuwa nimechoka hata kukasirika nikashindwa. Mwili wangu ulitaka kutii. Ungelinishusha kitandani, ukanivalisha, ukanipandisha garini, na saa ile ya adhuhuri ungelikuwa umeshaosha mchele. Na Februari kungelikuwa na harusi ya mtu, na Desemba ingelirudi, na magodoro. Nilimwona kichwani yule daktari na miwani yake. Nikaogopa. Niliogopa kufa, nalisema waziwazi, na niliogopa zaidi kufa nikiwa natandika kitanda cha mtu.

"Mimi siendi," nikasema.

"Badriya. Wageni."

"Ni wageni wako."

Akatazama pembeni, kuona kama nesi amesikia. Everlyn alikuwa anapanga sindano zake na mgongo umetugeukia.

"Nani atapika?" akauliza, sauti ya chini.

"Wamo wanawake mle ndani, na wewe una mikono."

"Jikoni kwako wanaona haya kuingia, unajua wewe."

"Waambie Badriya kasema waingie. Mwambie Da Mawadda, kwa jina lake, kwamba nimesema afungue kila kabati, na friza, na droo, na kile kisanduku cha vikolezo. Mwambie nimeomba. Mwambie nimesema, Dada, nisaidie."

Neno hilo nilikuwa sijawahi kulisema tangu nimeolewa, na ndani ya nyumba yangu sikuweza kulisema. Ilibidi nivuliwe nguo kwanza.

Zahor alilikunja lile buibui vibaya, akalirudisha kwenye kiti. Akanigusa mguu juu ya shuka, akasema Mungu atakusahilishia, akaondoka mpaka kwenye pazia. Hapo akasita. Akageuka, na uso wake haukuwa wa mzaha hata chembe, ulikuwa uso wa mtu mzima aliyeona aibu.

"Mama Afra," akaniuliza, "mchele tunauweka wapi?"

Miaka ishirini na sita anakula wali katika nyumba ile. Jibu nilikuwa nalo, nilikuwa nalo lote, kabati la chini karibu na dirisha, pipa jeupe, na kipimio chake kimo ndani, na auoshe mpaka maji yawe safi. Lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikafumba mdomo. Nikageukia ukutani, nikavuta shuka mpaka kichwani, nikafumba macho, na nikalala, na mume wangu bado amesimama pale ananingoja nimjibu.